Saa Moja ya Kupanda Pirin

Kila asubuhi Zornitsa alikula mkate wake uliopakwa rojo la pilipili hoho, akavaa viatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akateremka mbio ngazi za ghorofa nne huku mama yake akimfokea kutoka juu kwamba siku moja atavunjika shingo. Asubuhi hiyo ya Aprili hakukimbia. Aliteremka ngazi moja moja akizikanyaga kwa kishindo. Alikuwa amelala na hasira na ameamka nazo.

Chanzo kilikuwa karatasi. Darasa la sita waligawiwa karatasi ya wakala wa utalii: siku tatu katika Hifadhi ya Taifa ya Pirin, basi la kifahari, hoteli yenye bwawa la kuogelea. Bei ilikuwa imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo ndogo. Mama yake aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kikopo cha chumvi. "Tutaona," alisema. Nyumbani kwao "tutaona" lilikuwa hapana lililovaa nguo za heshima.

"Bwawa la kuogelea!" Zornitsa alimwambia rafiki yake Sevda walipokutana kwenye kona ya shule. "Hapa Tutrakan tuna Mto Danubi mzima mlangoni, halafu tuvuke nchi nzima kwenda kufuata bwawa? Wamerogwa?"

Sevda alicheka kidogo, kisha akakohoa. Alikuwa na pumu, na mfukoni mwake hakukosa kile kichupa cha dawa ya kuvuta. Mama yake na mama yake Zornitsa walifanya kazi katika karakana moja ya kushona, meza zao zikitazamana. "Mama amesema nisubiri mwakani," Sevda alisema.

"Mwakani! Mwakani kutakuwa na mabwawa mawili!"

Pirin ni milima iliyoko pembe ya pili ya nchi. Watoto wa Tutrakan wamezaliwa kwenye tambarare, penye mashamba ya alizeti na miti ya aprikoti, na wengi wao mlima wameuona kwenye kitabu cha jiografia tu. Kumwambia mtoto kama huyo kwamba mlima upo, wenzake watauona, ila yeye abaki, ni kumtafuta ubaya.

Mwalimu wa darasa, Bi Kirova, naye hakuwa na furaha siku hiyo. Aliweka majibu ya wazazi mezani, mafungu mawili yaliyolingana.

"Nusu wanaweza, nusu hawawezi," alisema. "Mimi sipendi kubeba nusu ya darasa. Mkutano wa wazazi ni Alhamisi ijayo. Mkinipa mpango ambao kila nyumba inaumudu, tutakwenda wote mwishoni mwa Mei. Msiponipa, watakwenda wanaoweza."

Zornitsa alisimama kabla hajajua kwamba amesimama. "Mpango nitaufanya mimi, Mwalimu. Mimi nimeshafika Pirin."

Hakuna aliyeshangaa. Shule nzima iliujua ule mkusanyo wake wa mihuri. Kila mahali penye sifa katika nchi ile, iwe ngome, pango, nyumba ya makumbusho au kilele cha mlima, pana muhuri wake, na watu wazima kwa watoto hutembea na vijitabu ili wagongewe. Wenzake walikuwa na mihuri saba, minane, wenye bidii kumi na miwili. Kijitabu cha Zornitsa kilikuwa na arobaini na mmoja, na katikati ya ukurasa wa Pirin uling'aa muhuri wa Sokolets, nyumba ya wapanda milima iliyoko juu kabisa, karibu na maziwa yanayojazwa na maji ya theluji.

Ukweli, ambao Zornitsa aliujua peke yake, ni kwamba alikuwa amefika sehemu saba. Mihuri mingine yote ililetwa na mjomba wake Ognyan, dereva wa lori la matunda, aliyezunguka na kijitabu hicho kwenye kiti cha mbele. Mwanzoni Zornitsa alisema, "Mjomba kanigongeshea." Baadaye akawa anasema, "Tuligongewa." Baadaye tena akasema, "Niligongewa," na hakuna aliyeuliza, basi likabaki hivyo.

Wiki ile alifanya kazi, lazima tumpe haki yake. Yeye, Sevda na Yavor, mvulana mpole aliyependa ratiba za treni kuliko mpira, walikaa kila mchana kwenye maktaba. Yavor akagundua kwamba treni ya kawaida, kwa punguzo la wanafunzi, ni nafuu kuliko basi lolote. Sevda akakumbuka kwamba Bi Kirova ana rafiki anayefundisha mjini Septemvri; darasa lingelala kwenye ukumbi wa michezo wa shule yake, juu ya mikeka ya sarakasi, bila kulipa kitu. Kutoka hapo asubuhi wangepanda ile treni ndogo ya reli nyembamba inayopanda polepole hadi Bansko, mji ulio chini ya mlima. Chakula kingetoka majumbani: mayai ya kuchemsha, jibini, mkate, soseji kavu. Kulala juu mlimani kungekuwa kwenye vitanda vya ghorofa vya Sokolets. Walipojumlisha, haikufika hata theluthi ya ile bei ya herufi ndogo. Sevda aliruka juu hadi mtunza maktaba akamkazia macho.

Yavor peke yake ndiye aliyebaki anatafuna penseli. "Treni inafika Bansko saa nane mchana. Halafu hadi Sokolets tunakwendaje?"

"Kwa miguu."

"Muda gani?"

Zornitsa alikumbuka kitu Mjomba Ognyan aliwahi kusema alipomrudishia kijitabu. Kutoka mjini ni saa moja tu, alisema. "Saa moja," Zornitsa akajibu.

"Saa moja? Kwenye ramani kuna mistari ya mwinuko imebanana sana. Tena Sevda—"

"Wewe umefika?"

"Sijafika, ila—"

"Mimi nimefika! Nimefika, Yavor! Unanifundisha mlima, wewe ambaye ukipanda kiti cha kufutia ubao unaomba mtu akushike? Mwoga mkubwa! Kama hutaki twende, sema hutaki twende, usijifiche nyuma ya ramani!"

Yavor aliweka penseli mezani. Masikio yalimwiva. Alikusanya ratiba zake moja moja, akaondoka bila kuaga, na Zornitsa akabaki anahema, akijiambia kwamba amemkomesha. Hasira zake zilikuwa kali kupita kiasi, na sababu alikuwa anaijua.

Alhamisi asubuhi, wakati wa mapumziko, Bi Kirova alimwita. "Sokolets wamekubali kutupokea?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nilipiga simu." Hakuwa amepiga. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jengo la mazoezi, akapiga.

Simu iliita muda mrefu. Kisha ikanguruma sauti ya mzee. "Sokolets. Stoil hapa. Sema haraka, nina kuni nje."

Zornitsa alijieleza: wanafunzi ishirini na sita, mwishoni mwa Mei, wanashuka kwenye treni saa nane mchana, wanapanda kwa miguu, saa tisa wako kwake.

"Saa tisa ya siku gani?"

"Siku hiyohiyo. Si ni saa moja tu?"

Mzee akalipuka. "Saa moja? Nani kakwambia saa moja? Saa tano, binti! Saa tano kwa mtu mwenye miguu iliyozoea. Kwa watoto wenye mabegi weka saba. Mwisho wa Mei theluji huku inanifika gotini! Unataka giza liwakute ishirini na sita kwenye korongo langu? Aliyekudanganya ni nani?"

"Mimi... nina muhuri wenu," alisema Zornitsa, na papo hapo akatamani kuyameza maneno hayo.

"Muhuri! Muhuri wangu una miaka mitatu uko chini mjini, kwenye duka la magazeti, karibu na kituo cha mafuta. Watu wananunua sigara, wanagongewa, wanakwenda zao wakijiita wapanda milima. Hujafika hapa wewe! Sasa nisikilize. Ukiwa na ujasiri, nipigie tena mwalimu wako akiwa kando yako. Kama huna, usiwalete." Akakata.

Basi ile saa moja ya Mjomba Ognyan ilikuwa ya lori, kutoka mji wa jirani hadi duka la magazeti. Zornitsa alipiga teke ndoo ya mtunza bustani hadi ikabingirika uwanjani. Alimkasirikia mjomba, akamkasirikia mzee wa kuni, akamkasirikia Yavor na mistari yake ya mwinuko. Angesema ukweli, mpango ungekufa, karatasi ya wakala ingeshinda, na Sevda angesubiri mwakani, na mwakani mwingine. Angenyamaza, wangekwenda wote. Pengine mzee alikuwa anatia chumvi tu. Wazee hutia chumvi.

Jioni saa kumi na mbili wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigonga mbao. Zornitsa na Yavor waliambiwa wasimame mbele kueleza mpango. Yavor alisoma saa za treni bila kumtazama mwenzake hata mara moja.

Bwana Gochev, mwenye duka la vipuri vya matrekta, hakungoja amalize. "Mikeka ya sarakasi? Mwanangu Kalin alale chini kama gunia la mahindi, ilhali baba yake ana uwezo wa kumlipia hoteli?"

"Una uwezo wewe," mama yake Zornitsa alimjibu kutoka dawati la nyuma. "Sisi wengine tuna watoto vilevile."

"Sikusema hamna watoto, mama. Nimesema—"

"Kimesikika ulichosema!"

Kelele zikapanda. Mmoja akasema wenye pesa wana kiburi, mwingine akasema wenzao wanataka kila kitu cha bure. Zornitsa alizisikiliza zile kelele, na moyo wake ukamwambia: nyamaza, unashinda, wengi wako upande wako.

Hapo akasimama mama yake Sevda. Alikuwa bado na pini za kushonea zimechomekwa kwenye ukosi. Hakupaza sauti, na wenzake wakatulia ili wamsikie.

"Zornitsa, mwanangu. Mimi mlima siujui. Wewe umefika. Kifua cha Sevda unakijua, mmekua pamoja. Ukiniambia ataweza kupanda, mimi nitamruhusu. Nakuamini wewe kuliko karatasi. Ataweza?"

Laiti angeuliza kwa ukali! Zornitsa angepata la kujibu kwa ukali. Alimtazama yule mama na pini zake, na hasira zote za wiki nzima, alizokuwa akizigawa kwa huyu na yule, zikamrudia mwenyewe kwa pamoja.

"Hataweza," alisema. "Hakuna atakayeweza. Si saa moja, ni saa tano au saba, na kuna theluji. Mimi sijafika Sokolets. Sijafika Pirin kabisa. Mihuri kaniletea mjomba. Na simu nimepiga leo tu, nilimdanganya Mwalimu."

Mama yake Zornitsa alisimama taratibu, uso umemparama. "Rudia."

"Sijafika, Mama."

Darasa likachafuka. "Mmeona?" Bwana Gochev alipiga dawati kwa kiganja. "Mmeona mlitaka kumkabidhi nani watoto? Mambo yamekwisha, tumpigie wakala!" Baba mmoja akasema mtoto huyo achapwe. Yavor aliendelea kuzitazama ratiba zake. Zornitsa aliona heri angemcheka.

"Hayajaisha!" Bi Kirova alipaza sauti, akanyamazisha hata waliokuwa mlangoni. Alikuwa amekasirika. "Zornitsa, nina maneno na wewe, nayo yatasubiri. Sasa nipe namba ya huyo mzee."

Simu ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa. "Ni yule wa saa moja?" Mzee Stoil akanguruma darasani kote.

"Mimi ni mwalimu wake. Amesema ukweli mbele ya wazazi wote."

"Ahaa. Wazazi wapo? Vizuri sana, wanisikie. Nyinyi watu wazima ishirini, thelathini, mlikuwa mnapeleka watoto juu ya mlima kwa kuamini kijitabu cha mihuri? Hakuna hata mmoja aliyeinua simu kuuliza? Mtoto kadanganya, ni kweli, ana makosa. Na nyinyi mlikuwa wapi?"

Bwana Gochev alianza kukagua kifungo cha koti lake.

"Haya," mzee akaendelea, sauti ikishuka kidogo. "Msishuke Bansko. Kaeni kwenye treni hadi kituo cha mwisho, Dobrinishte. Juu yake kuna nyumba inaitwa Borika, ndani ya msitu wa misonobari, anaiendesha binti yangu. Saa mbili za njia pana, theluji hakuna. Kitanda ni bei ileile. Huyo mwenye kifua yupo?"

"Mama yake yupo," alisema mama yake Sevda, akiinamia simu. "Ana pumu, mzee wangu."

"Akaonyeshwe kwa daktari wenu kwanza. Daktari akikubali, aje na dawa yake, na atatembea mbele kabisa. Kwetu milimani anayetangulia ni mwenye mwendo wa pole, wengine wote wanafuata mwendo wake. Nitashuka kituoni mwenyewe niwapandishe. Mkichelewa treni nitakasirika."

"Sasa hivi hujakasirika?" aliuliza mama mmoja, na kicheko kikapita darasani kwa mara ya kwanza jioni ile. Walipopiga kura, hata Bwana Gochev aliinua mkono, ingawa hakuuinua juu sana.

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea mbele kwa kasi. Walipofika mlangoni alimpigia simu kaka yake Ognyan, na kwa robo saa majirani wa ghorofa zote nne walielimika. Kisha akamgeukia Zornitsa. "Unalia nini? Ulipokuwa unadanganya ulikuwa hulii." Akamwekea supu.

Kesho yake Bi Kirova naye alisema yake, mlango umefungwa, na adhabu ikawa hii: Zornitsa atapiga simu zote upya, moja baada ya nyingine, mwalimu akisikiliza, na kila jibu ataliandika. Lililokuwa gumu kuliko simu zote lilikuwa kumfuata Yavor kwenye maktaba.

"Nilikuita mwoga," Zornitsa alisema. "Ulikuwa unasema kweli, na mimi nilijua. Nisamehe."

"Bado nimekasirika," alisema Yavor.

"Mpaka lini?"

Yavor alifikiri. "Mpaka tufike Septemvri, labda. Sogea, unakalia ratiba yangu."

Wiki ya mwisho ya Mei, treni ndogo iliwashusha ishirini na sita Dobrinishte, usingizi wa mikeka bado uko machoni. Mzee Stoil alikuwepo, mfupi, mwenye masharubu, mdogo kuliko sauti yake. Aliwapanga njiani, akamweka Sevda mbele. Daktari alikuwa amekubali. Sevda alikwenda hatua fupi fupi, akasimama alipotaka kusimama, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.

Baada ya saa nzima ya kupanda, Kalin Gochev alitupa begi lake chini. "Wee Zornitsa! Si wewe mwenyeji wa huku? Bado kiasi gani? Au bado saa moja?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hasira zikampanda Zornitsa hadi mashavu yakamchoma. Jibu kali lilikuwa limeshafika ulimini: nusu saa tu, legelege wewe, twende. Angeweza kulisema, na pengine lingekuwa kweli.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kufika hapa."

Mzee Stoil aligeuka. Aliwatazama waliokuwa wanacheka, mmoja mmoja, mpaka kila mtu akafunga mdomo.

"Mnamcheka nini? Miaka thelathini na tano nashusha watu mlima huu kwa machela. Waliovunjika miguu, waliopotea, waliogandishwa na baridi. Katika hao wote sijambeba hata mmoja aliyesema 'sijui'. Anayesema hajui huulizwa, huelekezwa, hufika. Ninaowabeba ni wajuaji. Tena mjuaji haumii peke yake, anaumiza waliomwamini. Huyu amelisema hilo neno mbele yenu, mnamcheka, na amelisema akiwa na hasira, jambo gumu zaidi. Nani kati yenu ataliweza?"

Kalin aliokota begi lake.

"Bado dakika hamsini," alisema mzee. "Mimi najua, nimepita asubuhi. Na nyinyi mnapiga soga, mwenzenu keshawaacha."

Wote wakatazama mbele. Sevda hakuwa amesimama. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya juu, kati ya misonobari, anakwenda zake hatua fupi fupi, na ikabidi darasa zima likimbie kumfuata.